Mkufu wa Jua

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, si ya harusi wala ya kipaimara. Ilikuwa siku ya jua la utosi, huku kwetu milimani juu ya Same, ukungu wa asubuhi umeshaondoka na kila jani la mgomba linaonekana peke yake. Mama mkwe wangu alinikuta nimekaa mlangoni, mbeleko imening'inia mgongoni, haina kitu. Akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamjibu, "Amelala." Akauliza, "Amelala wapi?" Nikasema, "Kwao."

Mtoto mwenyewe ni Tumaini, mwanangu wa kwanza, ambaye leo ana kitambi na binti chuoni. Nakuambia mapema kwamba alipona, usije ukanisikiliza roho ikiwa juu ukakosa kusikia la maana. Watu wengi huogopa usiku. Mimi nilijifunza kuogopa mchana, na hata sasa saa sita ikifika hunikuti shambani kichwa wazi.

Mwaka ule mvua za vuli zilitudanganya, za masika zikatusahau kabisa. Maharage yalikauka yakiwa na maua. Ndiva, lile bwawa tunalokusanyia maji ya mifereji, ilibaki tope lililopasukapasuka na kisima kidogo katikati. Unajua Mpare na makande yake. Mnyang'anye ng'ombe atakusamehe, lakini usimguse makande. Sasa makande ni mahindi na maharage, na maharage hayakuwepo. Tulikula mahindi yaliyopandishwa kutoka Same: asubuhi uji, mchana ugali, jioni ugali wa mchana. Kitoweo kidogo kilichopatikana kilianza kwa wazee, kikaenda kwa watoto, na mimi mke mgeni niliyepakua nikabaki kukomba sufuria. Hakuna aliyenidhulumu. Ndivyo nilivyolelewa, na nilijiona mke mwema kweli kweli. Mume wangu, Eliamani, alikuwa chini nyikani, upande wa Kisiwani, akihangaika na ng'ombe wa baba yake wasife. Na Tumaini alikuwa ananyonya, tena ananyonya kwa juhudi.

Ugonjwa ulianzia mikononi. Ngozi ya juu ya viganja ikawa nyeusi kuliko mimi mwenyewe, ikakauka, ikaanza kupasuka kama lile tope la ndiva. Kisha ikaja shingoni. Ilizunguka shingo yote, mbele na nyuma, mstari mpana wenye ukingo ulionyooka, kana kwamba kuna mtu alinivisha mkufu nikiwa usingizini. Jua likiupiga, unawaka. Ulimi ukawa mwekundu, chumvi ikigusa natoa machozi. Tumbo likaharibika, usingizi ukanihama. Mbele za watu nilijifunika kanga shingoni nikasema yatapita, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Hapa inabidi nikueleze jambo la kwetu. Koo za zamani huku zina mpungi, kichaka cha miti mikubwa isiyokatwa, mahali pa wahenga, ambako zamani mafuvu ya wazee yalitunzwa. Kwa ukoo wa mume wangu, mwanamke aliyeolewa kwao hakanyagi ndani ya mpungi. Nami siku moja, natoka ndivani na ndoo kichwani, miguu haina nguvu, nilikata njia pembeni mwa miti ile. Nikaonekana. Mkufu ulipotokea, watu walihesabu moja na moja wakapata mbili.

Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alipitisha kapu la sadaka, katikati ya wiki alifyeka njia ya mpungi, na hakuona ugomvi wowote kati ya kazi hizo. Simcheki, alikuwa mtu mpole na alinipenda. Alinitazama shingo kwa muda, akashusha sauti kama mtu aliye msibani. "Wenyewe wamekufunga," alisema. "Hiyo ni kamba yao."

Akaniwekea miiko mpaka mvua zirudi na mbuzi wa kutakasa apatikane. Nisile nyama, nisile mayai, nisinywe maziwa. Kunde, karanga, maharage, hata yakipatikana, nisiguse. Ugali na chumvi basi, ili wenye mpungi waone nimenyenyekea. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Eliamani alipotutumia nyama kavu na maziwa ya mgando kutoka nyikani, vilipita mbele ya uso wangu vikiwa na harufu yake yote, nami nikageuka ukutani kwa utii. Mwanangu, utii nao una kipimo chake.

Kadiri nilivyoshika miiko ndivyo mkufu ulivyokaza. Na baadaye yakaanza mengine.

Nilianza kumwona mwanamke shambani. Alisimama katikati ya mabua makavu saa sita mchana, kivuli chake kifupi miguuni, amenipa mgongo. Kanga aliyovaa ilikuwa yangu. Nilipomwita akageuka, na hakuwa na uso wa kutisha. Alikuwa na uso wangu. Shingo yake ilikuwa safi, haina alama, na alinitazama kwa utulivu kama mtu anayengoja zamu yake. Nilipepesa macho akawa hayupo. Kesho yake alikuwepo tena, hatua chache karibu na nyumba.

Sufuria nayo ikaanza kusema. Ugali ukichemka unajua unavyopigapiga. Basi humo ndani nikasikia neno moja, kwa sauti ya kunong'ona, tena na tena: mlete, mlete, mlete. Nikiipua, linanyamaza. Nikirudisha, linaendelea pale pale lilipoachia. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliona ni jambo la kawaida, na hicho ndicho kinachoniogofya mpaka leo. Mtu anayepotewa na akili hapigiwi baragumu. Yeye anaona ni wenzake wasioelewa.

Siku ile yenyewe sikumbuki nilivyotembea. Nakumbuka jua kwanza, kisha nakumbuka kivuli. Nilikuwa ndani ya mpungi. Miti ilikuwa mikubwa, chini hakuna majani ila baridi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu shingo yangu iliacha kuwaka. Nikasema moyoni, kumbe hapa ndipo nyumbani. Nikamfungua Tumaini mgongoni, nikamlaza kati ya mizizi. Alinitazama, hakulia. Nikaondoka bila kugeuka, nimetulia, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Sasa tunarudi pale mlangoni. Mama mkwe wangu, watu walimwita Mama Eliamani, aliposikia neno lile "kwao" hakupiga kelele. Aliitazama mbeleko, akaitazama njia. Akaifunga kanga kiunoni akaondoka, nami nikamwona kwa mbali akipanda. Baba mkwe alikuwa ukingoni mwa mpungi na panga lake la kufyekea. Maneno yao baba mkwe alinisimulia mwenyewe baadaye.

"Mama Eliamani, humu huingii," mumewe alimwambia.

"Basi ingia wewe."

"Hapaingiwi bila mbuzi. Unajua."

"Mjukuu wangu yumo," alisema mama, akampita.

Alikuwa mwanamke wa kuolewa kama mimi, amekaa kwenye ukoo ule tangu usichana wake, na hakuwahi hata kukielekezea kidole kichaka kile. Baba mkwe alisema hakusikia ndege wala mdudu kwa muda wote mkewe aliokuwa ndani. Kisha akatoka, Tumaini kifuani, anamwambua siafu mguuni mmoja mmoja. Mtoto alikuwa ameshaanza kulia, na kilio kile baba mkwe alikiita kizuri kuliko kengele ya kanisa.

Mama alisimama mbele yake akafungua kanga ya mabegani. "Nimeingia mpaka katikati," alisema. "Nimekanyaga kila mahali. Kama ni wao waliomfunga mkwe wako, na mimi watanifunga. Tungoje tuone."

Tukangoja. Sijui kama unaelewa uzito wa kungoja kule. Mtoto alilala kwa bibi yake, akawa analetwa kwangu kunyonya huku ameshikiliwa na mtu mwingine, na mimi niliona ni sawa, hata mimi nisingejikabidhi mtoto. Baba mkwe kila asubuhi alimtazama mkewe shingo kwa pembe ya jicho. Mama naye kila mchana alitoa kigoda akakaa juani, shingo wazi, mbele ya kila mpita njia. Tena alifanya jambo lililowaudhi wengi: alifungua kibuyu cha maharage ya mbegu, yale ya kupanda mvua zikija, akachemsha na mahindi, akala makande yake palepale nje. Nilikuwa nasikia harufu nimekaa ndani na ugali wangu wa chumvi. Nilimchukia kidogo, lazima nikiri.

Shingo yake haikufanya kitu. Ngozi ilibaki ile ile ya mama mtu mzima, makunyanzi na jasho.

Ndipo alipomwita mumewe, akaniketisha juani kati yao. Akaishusha kanga yangu chini ya shingo. "Angalia," alisema. Mkufu uliishia pale pale ninapofungia kanga nikiwa shambani. Chini yake ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto. Akakunja mkono wa gauni. Weusi uliishia kwenye ukingo wa mkono wa gauni. Akaisukuma bangili yangu ya harusi, na chini yake kulikuwa na kijistari cha ngozi nzima, kizuri, hakijaguswa.

"Mzimu gani huyu anayezuiwa na kanga?" aliuliza. "Anapita kwenye ukuta wa mawe, halafu bangili inamshinda? Hili ni jua, baba. Kwa nini jua limchome yeye lisinichome mimi, sijui. Lakini walio mpungini umewasingizia."

Kisha akageukiwa nani? Mimi. Karipio lile ninalo mpaka leo. "Na wewe," mama aliniambia, "kuwapakulia watu wote ukabaki unakomba sufuria si adabu. Mama anayenyonyesha akijinyima anamnyima na aliye mgongoni. Ulidhani unatuheshimu. Ulikuwa unajila mwenyewe." Akanisogezea bakuli la makande. Nililitazama nikiomba baba mkwe asinione, lakini yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Kula, mwanangu."

Kesho yake tulishuka na baba mkwe hospitali. Daktari alinitazama shingo, akatazama mikono, akaniambia nitoe ulimi, akauliza nakula nini. Hakushtuka hata kidogo. Alisema ugonjwa unaitwa pelagra, na kwamba si njaa ya tumbo, kwa maana tumbo langu lilikuwa limejaa ugali. Ni mwili kukosa kitu kimoja tu, vitamini B ya tatu, ambayo wao huiita niasini. Mahindi yanayo, alisema, ila yameifungia ndani na mwili hauwezi kuifungua vizuri. Maharage, karanga, nyama, samaki, mayai na maziwa vinamsaidia mtu kuipata. Ikikosekana, ngozi inayopigwa na jua huungua, tumbo huharibika, na ubongo nao huanza kusema ovyo. Miiko ile, mwanangu, ilikuwa imenikataza kimoja baada ya kingine kila kilichoweza kuniponya.

Alinipa vidonge vya aina iitwayo niasinamidi, akanikataza jua, akaniamuru nile. Baada ya siku chache tu sufuria zilinyamaza. Nililala usingizi nikaamka namwita mwanangu kwa jina. Ngozi ilichelewa, ilijiambua polepole kwa majuma mengi. Mimi na ujana wangu nikataka shingo ing'ae upesi, nikamwomba daktari aniongezee vidonge. Akakataa. "Kilichopungua nimekurudishia," alisema. "Kikizidi, ini ndilo litakaloteseka."

Neno lile lilinikaa, na juzi limenisaidia. Binti wa Tumaini, Upendo, yuko chuoni mjini. Alinipigia simu sauti inatetemeka. "Shikamoo bibi. Bibi, nimerogwa."

"Marahaba," nikamwambia. "Umemeza nini?"

Nyuma yake nilisikia msichana anayekaa naye chumbani akikemea mapepo kwa jina la Yesu. Upendo akaeleza kwamba uso, shingo na kifua vimekuwa vyekundu ghafla, vinawaka moto na kuwasha, na kwamba alipojitazama kwenye kioo aliona mtu mwingine. Nilisisimka mwili mzima, kwa kuwa namjua huyo mtu wa kwenye kioo. Nikauliza tena amemeza nini. Ikatoka polepole: ameagiza kwenye simu vidonge vya kung'arisha ngozi, chupa imeandikwa niasini, muuzaji kasema kimoja kwa siku, yeye kameza vingi kwa mkupuo kwa sababu wiki ijayo kuna harusi ya rafiki. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kinajitembeza mpaka ndani ya simu yako.

Nilimwambia aende hospitali palepale na chupa mkononi, mwenzake amsindikize, maombi waendelee nayo njiani. Madaktari walipomwona wakamweleza kwamba niasini ya kawaida ikizidi hupanua mishipa ya damu ya ngozi, uso ukawaka hivyo, kisha hupoa. Ile ndugu yake, niasinamidi, haina kawaida ya kuwasha moto huo, lakini nayo ikimezwa kupita kiasi si salama. Wakampima ini, likawa zima. Uso ulikuwa umeshapoa hata kabla hawajamaliza kumwandikia.

Sasa nisikilize, wewe na Upendo na wote mnaojipaka usiku mkilala mnang'aa kama vitumbua. Sikukatazi krimu ya niasinamidi. Wataalamu wanasema ikitumiwa kwa kiasi inasaidia ngozi kushika unyevu, inapunguza mafuta, na mabaka hufifia taratibu. Anza na kidogo, ijaribu kwenye sehemu ndogo ya mkono, ikiwasha, acha. Usiichanganye na mkorogo, maana mkorogo ni sumu hata ukiwekwa kwenye chupa ya malkia. Usitegemee ikubadilishe rangi, rangi yako haina kosa. Na jua la huku liheshimu, vaa kofia. Lakini vya kumeza ni habari nyingine. Usimeze vidonge vya vitamini kwa wingi kwa sababu tu vinaitwa vitamini. Kama una mimba, kama ini lako lina historia, kama unatumia dawa za sukari au nyingine yoyote, muulize daktari kwanza. Kuuliza si ujinga. Na mtu mwenye afya, mlo wenye maharage, karanga na dagaa unamtosha, tena ukimjali aliyepika ukahakikisha naye amekula.

Zaidi ya hayo yote, jambo likikupata mwilini, kabla ya kuuliza nani kaniroga, uliza nimekula nini na nimekosa nini. Swali la kwanza linatafuta adui, na adui hakosekani kijijini. Swali la pili ndilo lililonirudishia mwanangu.

Limebaki moja, na nimesita kulisema miaka mingi. Mama mkwe wangu alipokuwa mgonjwa mwisho mwisho, nikimwosha mgongo, aliniambia kwamba siku ile mpungini hakujua pa kutafuta. Giza la miti lilimchanganya, na mtoto hakuwa analia. Alisimama amekata tamaa. Ndipo akanisikia mimi, sauti yangu kabisa, ikimwita kutoka ndani: "Mama, yuko huku." Aliifuata akamkuta Tumaini kati ya mizizi. Na mimi alikuwa ameniacha mlangoni.

Daktari alinieleza shingo, tumbo na sufuria, na namwamini. Hilo sikuwahi kumwuliza daktari yeyote. Si kila lisilojulikana ni uchawi, mwanangu. Mengine hayajulikani tu, na mtu unaishi nayo.

Basi nenda na amani. Mungu akulishe na akupe wa kukukumbusha kula. Akupe ngozi ya kukutosha na kanga ya kuifunika, na mama wa kukupita mlangoni akaingia pasipoingiwa. Na ikitokea siku akili yako ikapotea njia, amweke ndani yako mmoja ambaye hatapotea, atakayebaki na mtoto kivulini mpaka watu wafike.